Maharagi na nyama ya nguruwe ndani ya kitunga: moto kidogo, chakula kilichoiva kabisa



Katika mikutano tunasikiaka neno moja lenye kurudi kila mara. Maharagi iko katika depo, tumeyavuna sisi wenyewe. Nguruwe iko katika kiraro. Lakini nyumbani watoto wanakula bugali na majani siku tano kwa saba, na maharagi yote yanaenda soko. Tukiuliza juu ya nini, jibu si kwamba watu hawapendi maharagi. Jibu ni makala. Maharagi makavu yaliyotiwa katika sufuria bila kuloweka yanaweza kukaa juu ya babula masaa mawili na nusu, mara tatu, na mama anaona gunia la makala linapunguka mbele ya macho yake. Basi anauza maharagi na kununua kitu chenye kuiva mbio. Chakula chenye nguvu kinatoka nyumbani, chakula chepesi kinaingia.

Somo la leo linafundisha namna ya kupika maharagi pamoja na nyama ya nguruwe polepole, kwa moto usiozidi saa moja, halafu sufuria inamaliza kazi yake ndani ya kitunga bila moto. Si jambo la ajabu, wala si la wazungu tu. Katika inchi zenye umeme wa kutosha watu wanatumiaka sufuria ya umeme inayopika polepole mchana kutwa. Wanatia maharagi na nguruwe asubuhi, wanarudi kazini mangaribi, chakula kiko tayari. Sisi umeme hatuna, ao tunao masaa mawili kwa siku, lakini kitunga, majani makavu ya migomba na nguo mzee tunavyo vyote.

Kwanza tuelewe kitunga kinafanya nini. Watu wengi wanawaza kwamba moto unapika maharagi. Kweli, lakini si moto wote. Maji yakiisha kuchemka, kuongeza makala hakufanyi maji yawe na moto zaidi. Yanatoa mvuke mwingi tu. Makala yote unayotia kisha hapo yanafanya kazi moja: kurudisha joto linalotoroka kupitia mbavu za sufuria, kupitia mufuniko, na pamoja na mvuke. Ukiizuia ile joto isitoroke, hauna tena lazima ya makala. Kitunga hakipiki. Kitunga kinachunga joto ambalo moto umekwisha kuleta. Shikeni neno hilo, kwa sababu makosa yote tutakayoyasema hapa chini yanatoka katika kulisahau: mtu anaondoa sufuria upesi mno, moto haujafanya sehemu yake, na anatumainia kwamba kitunga kitamsaidia. Hakitamsaidia.

Neno la pili ni juu ya milima yetu. Kando ya bahari maji yanachemka kwa digri 100. Goma, ambako tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwa karibu digri 95. Huku juu Masisi na Lubero, penye kufika metre 2,000, ni karibu digri 93. Ndiyo maana dada aliyeolewa Kisangani anaporudi kutembelea mama yake mulimani anashangaa: maharagi yale yale, sufuria ile ile, lakini yanakawia. Si uchawi wala mbegu mbaya. Maji ya kwetu yanatokota yakiwa na joto kidogo kuliko ya kwao. Kwa hiyo memba wa mulimani waongeze dakika kumi juu ya moto na saa moja ndani ya kitunga, kupita zile tutakazoandika kwa ajili ya watu wa chini.

KUTENGENEZA KITUNGA

Tafuta kitunga kikubwa chenye kupita sufuria yako kwa upana wa kiganja pamoja na kidole gumba, pande zote. Ile nafasi ndiyo itakayojazwa. Karibu santimetre kumi inatosha. Ikiwa chini ya hapo joto linatoka, ikizidi sana hakuna faida kubwa. Kama hauna kitunga, karto ngumu ya soko ao shimo lililochimbwa pembeni ya jiko na kupangwa majani makavu vinaweza kusaidia, lakini shimo linavuta unyevu wakati wa mvua.

Vitu vya kujaza ni vile vyenye kushika hewa ndani yake: majani makavu ya migomba yaliyochanwa-chanwa, maganda ya maharagi kisha kupura, majani ya mahindi, nyasi kavu, nguo mzee, sufu ya godoro lililochanika. Udongo na mchanga havifai, vinakula joto. Shona mfuko wa kitenge mzee uutandike ndani ili majani yasiingie chakulani, kisha shona mto mkubwa uliojaa majani yale yale. Mto ndio unaofunika juu. Wengi wanatengeneza mbavu vizuri na kusahau mto, wanatupa gunia moja tu juu ya mufuniko. Joto linapanda; likikuta njia juu, limekwenda.

Kila siukumbili ao tatu anika kitunga na mto wake kwenye jua. Mvuke unalowanisha majani, na majani yenye maji hayachungi joto. Tena panya wanapenda sana kitunga chenye joto na harufu ya nguruwe; usikiache chini usiku, kitundike.

Hatari moja ya kweli: makaa madogo yanaweza kunata chini ya sufuria. Ukiitia ndani ya majani makavu ya migomba hivyo, unaweza kuchoma nyumba. Sufuria ikitoka kwenye babula, isimamishe kwanza juu ya udongo ao jiwe, pangusa chini yake kwa kitambaa cha maji, ndipo uiingize. Kazi hiyo ichukue muda mfupi tu, joto lisipotee.

KUCHAGUA NA KULOWEKA MAHARAGI

Kwetu Kivu tunapandaka mchanganyiko: maharagi mekundu, ya madoadoa, meupe, ya njano, madogo na makubwa katika shamba moja. Kwa shamba ni akili nzuri, kwa sababu mvua ikiharibu aina moja, ingine inabaki. Lakini kwa sufuria ni shida. Aina moja inaiva na kupasuka, ingine ingali jiwe. Juu ya babula unaweza kungojea ya mwisho. Ndani ya kitunga hauwezi kufungua kila mara. Basi kabla ya kupika, kaeni na watoto muchague: yenye kufanana yaende pamoja. Wale waliopanda aina zenye chuma kingi, kama HM21-7, wayaweke kando kwa ajili ya nyumbani, hasa kama nyumbani kuko mama mwenye mimba ao mtoto mdogo.

Maharagi ya mavuno ya sasa yanaiva upesi. Yaliyokaa depo mwaka mzima, katika joto na unyevu, yanakuwa magumu, na mengine hayataiva vizuri hata uyachemshe namna gani. Ndiyo sababu ingine ya kukausha vizuri kabla ya kuingiza depo. Maharagi ya zamani sana usiyatie kitungani. Yapike juu ya moto, ao uyasage.

Jioni, osha kilo moja ya maharagi, tia ndani ya ndoo pamoja na maji litri tatu, funika. Yakae masaa nane mpaka kumi na mbili. Yakilowa, uzito wake unakuwa kama mara mbili. Asubuhi mwaga maji yale, suuza kwa maji mapya. Kuna wanaosema kumwaga maji ni kumwaga nguvu ya chakula. Kunapotea kidogo, ndiyo, lakini ndani ya maji hayo kunatoka pia vitu vinavyofanya tumbo lijae hewa. Sisi tunasema mwaga.

Ao bikarbonate je? Inalainisha, kweli, na wamama wengi wanaijua, vilevile chumvi ya majivu. Lakini inaharibu vitamini B1 iliyomo katika maharagi. Mwenye kuloweka vizuri hana lazima nayo. Kuhusu chumvi ya kawaida, watu wanasemaka inafanya maharagi yawe magumu. Kwa namna hii ya kupika hatukuona hivyo, na chumvi tunaitia mwanzo kabisa. Chenye kukawiza maharagi ni tomati na ndimu, kwa sababu ya ukali wao. Tomati zikaangwe kando, ziingie mwisho.

SUMU YA MAHARAGI MABICHI

Hapa tunaomba musome polepole. Maharagi, zaidi sana yale mekundu, yana sumu ya asili ndani yake. Punje chache tu zisizoiva zinaweza kumfanya mtu atapike na kuharisha kisha masaa machache. Wengi hatujawahi kuiona sumu hiyo kwa sababu tunachemsha masaa matatu, na maji yenye kutokota yanaimaliza. Lakini katika inchi za sufuria ya umeme watu waligonjwa: walitia maharagi mekundu mabichi moja kwa moja katika sufuria yenye joto la polepole, joto halikufika kuchemka, na sumu haikufa. Tena joto dogo namna hiyo linaweza kuiongeza nguvu.

Kitunga chetu kina hatari ile ile. Usijaribu hata siku moja kumwagia maharagi maji ya moto na kuyafunga kitungani ukiwaza kwamba yataiva. Maharagi yaliyolowekwa lazima yachemke juu ya moto mkali, maji yanapindua punje juu chini, dakika kumi kamili bila kupunguza. Mulimani tufanye kumi na tano. Wakati unahesabiwa tangu maji yameanza kutokota, si tangu sufuria imepandishwa.

KUPIKA

Kwa familia ya watu nane ao kumi: kilo moja ya maharagi (imelowekwa), nusu kilo ya nyama ya nguruwe yenye mafuta kidogo, vitunguu viwili, puaro moja na seleri kama unayo, tomati nne, chumvi, pilipili kwa wanaoipenda. Mawese hatukuandika, kwa sababu mafuta ya nguruwe yanatosha. Ndiyo uzuri wa nyama hii.

Sufuria iwe ya litri sita, yenye mufuniko unaokaa vizuri. Ukubwa wa sufuria si jambo dogo. Sufuria ikijaa inachunga joto lake masaa mengi. Sufuria ya litri kumi yenye chakula litri tatu inapoa upesi, hata kitunga kiwe kizuri namna gani. Isiwe chini ya sehemu mbili kwa tatu.

Kata nyama vipande vidogo, kila kimoja kisizidi urefu wa nusu kidole gumba. Usitie kipande kizima cha paja, katikati yake hapatapata joto la kutosha. Washa babula, weka sufuria tupu, tia nyama bila mafuta na chumvi kidogo. Itaanza kutoa maji, maji yakauke, halafu itoe mafuta yake yenyewe na kugeuka rangi. Tia vitunguu, puaro na seleri. Vikilainika, tia maharagi, kisha maji mpaka yapite maharagi kwa vidole viwili tu. Kwa kitunga maji hayakauki kama juu ya moto, basi ukitia maji mengi utapata supu.

Funika, acha yachemke. Yakianza kutokota kwa nguvu, hesabu. Dakika kumi za moto mkali kwa ajili ya sumu tuliyosema, halafu punguza hewa ya babula na uache yaendelee kuchemka dakika ishirini zaidi. Jumla nusu saa kwa watu wa chini, dakika arobaini kwa watu wa mulimani. Kama hauna saa, fanya kama mama mmoja wa kikundi chetu: anawasha redio ya simu wakati maji yanaanza, na habari zikiisha anajua. Kila mtu atafute saa yake.

Katika dakika tano za mwisho usifungue. Mvuke uliojaa chini ya mufuniko ni sehemu ya joto lako. Toa sufuria ikiwa ingali inatokota, pangusa chini, ingiza kitungani, funga kitambaa juu, weka mto, na juu ya mto weka jiwe ao kiti ili ushikane. Tangu babula mpaka mto, isipite dakika moja.

Sasa nenda shamba. Makala yaliyobaki yazimishe kwa kufunika babula, utayatumia jioni. Usizimishe kwa kumwaga maji.

Kisha masaa manne fungua (matano mulimani). Hapo fanya jaribio la kidole: mchuzi uwe wa moto hata hauwezi kushika kidole ndani yake. Chukua punje tano kutoka fasi mbalimbali za sufuria, zivunje kwa ulimi na ufizi. Zikivunjika zote bila meno, zimeiva. Kaanga tomati kando, zimwage ndani, rudisha sufuria juu ya babula, ichemke tena dakika kumi. Mchuzi utashikana, na harufu itaita majirani. Kula na bugali, ndizi ao viazi.

Ndugu zetu Waislamu na Waadventista hawakulaka nguruwe, na kikundi kikipika pamoja tusiwatie katika shida. Namna ni ile ile kwa nyama ya ngombe ao ya mbuzi iliyokatwa vidogo, lakini mutie kijiko cha mawese. Indagala kavu ziingie mwisho pamoja na tomati. Hata nyama ikiwa kidogo sana inafaa: nyama inasaidia mwili kunyonya chuma kilichomo katika maharagi. Chai nyeusi inafanya kinyume. Ikunywewe fasi ingine, si pamoja na chakula.

KOSA LETU LA KWANZA

Tuseme ukweli, mara ya kwanza tulipofundisha kitunga mbele ya watu, tulipata haya. Sufuria ilikuwa kubwa, chakula kilijaa nusu tu. Watu walikuwa na hamu ya kuona, kila mmoja alitaka mufuniko ufunguliwe, na sisi tulikubali, mara tatu. Kisha masaa manne maharagi yalikuwa na uvuguvugu na magumu. Mzee mmoja alituuliza kama tumekuja kuwafundisha kula mawe. Alikuwa na haki. Tulirudisha sufuria juu ya moto mbele yake na tulichoma makala mengi kuliko siku zote.

Lakini ingetokea mbaya zaidi kama tungeacha ile sufuria mpaka kesho yake. Chakula chenye uvuguvugu ni shamba la mikrobu. Juu ya digri 60 haziwezi kuzaa; chini yake, zaidi sana katika joto la mwili wa mtu, zinazaa mbio sana, na nyingine zinatoa sumu ambayo hata ukichemsha tena haitoki. Kwa hiyo: kitunga ni cha masaa manne mpaka sita, hakipiti hapo. Si depo ya chakula cha usiku. Ukifungua ukakuta mchuzi unashika kidole bila kuungua, na masaa hayajapita sita, chemsha pale pale na umalizie juu ya moto. Kama sufuria ililala kitungani usiku kucha na asubuhi iko na uvuguvugu, usiwape watoto, wala usionje kwanza ili ujue. Inauma kutupa nyama, tunajua.

NYAMA YA NGURUWE NA MNYOO WA TEGU

Tungeweza kumaliza hapa, lakini walimaji wanaofuga nguruwe wanatuuliza sana kuhusu zile chembe nyeupe.

Wakati mwingine, nguruwe ikichinjwa, ndani ya nyama yake munaona vitu vyeupe kama punje za mchele, vyenye maji. Hao ni watoto wa mnyoo wa tegu. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri, kama ile nyama ya kuchoma yenye weusi nje na damu ndani, tegu anamea katika matumbo yake, anakuwa mrefu wa metre nyingi, na kila siku anatoa mayai yanayotoka pamoja na choo. Yule mtu anaweza kukaa miaka bila maumivu makubwa.

Hatari kubwa iko katika mayai. Mtu mwenye tegu akienda choo katika migomba, nguruwe inayotembea inakula choo kile na kupata chembe. Na kama hakunawa mikono, akagusa chakula, watu wa nyumba yake wanameza mayai. Ndani ya mwili wa mtu mayai hayo yanaweza kupanda mpaka kichwani na kufanya chembe zile zile katika ubongo. Hapo kunatokea kifafa. Hata mtu asiyekulaka nguruwe hata siku moja anaweza kukipata kwa njia hii.

Si kila kifafa kinatoka kwa tegu. Lakini katika vijiji ambako nguruwe zinatembea ovyo na vyoo ni vichache, kifafa kingi kinatoka hapo, na watu wanasema ni uchawi, wanamkimbia mgonjwa akianguka kwa sababu wanaogopa mate yake. Mate hayaambukize kifafa. Msaidieni asianguke motoni, mlazeni ubavuni, na mmpeleke kituo cha afya. Kuna dawa za kifafa, na dawa za tegu zinatolewa na muganga, si kununua ovyo soko.

Kwa jiko letu maana yake ni nini? Nyama yenye chembe usinunue, hata bei ikishuka. Nyama unayoona ni safi ipike kama kwamba si safi: vipande vidogo, kukaangwa mpaka hakuna rangi ya damu, kuchemka nusu saa, masaa manne ya joto, kuchemka tena. Hakuna mtoto wa tegu anayepita njia hiyo. Chumvi na moshi peke yao hatuwezi kuvitumainia. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kugusa vitunguu.

Na nguruwe ikae katika kiraro, choo kiwe na mlango. Kupika vizuri kunamlinda mlaji, lakini kiraro na choo ndivyo vinavyokata mnyororo.

Kwa wafugaji bado neno moja, juu ya pesti ya nguruwe. Ugonjwa huo haushiki mtu, lakini unamaliza kiraro kizima kwa siku chache, hauna dawa. Kirusi chake kinakaa katika nyama mbichi, katika damu na katika maji uliyooshea nyama, muda mrefu. Basi maji ya kuoshea nyama ya soko usiwamwagie nguruwe, mifupa usiwatupie. Mabaki ya jikoni, kama ni lazima kuwapa, yachemke nusu saa huku unakoroga. Ni jambo la kusikitisha kupoteza nguruwe sita juu ya supu ya mfupa mmoja.

HESABU YA MAKALA

Bei ya gunia si moja Butembo, Bukavu na Goma, na inabadilika kila msimu, kwa hiyo hatuandiki franka hapa. Kila kikundi kifanye hesabu yake. Siku ya kwanza pima makala kwa kopo moja, mupike maharagi kama kawaida, muhesabu makopo yaliyoisha. Siku ya pili mupike kiasi kile kile kwa kitunga, muhesabu tena, pamoja na makala ya kuchemsha mara ya pili. Andikeni yote mawili katika kaye ya kooperativi, pamoja na saa ambazo mama alikaa jikoni. Makala mengi yanayoingia Goma yanatoka katika miti ya Parke ya Virunga, iliyotengwa tangu 1925, na wengine wetu tunajua vizuri hatari za njia hiyo. Gunia lisilonunuliwa ni mti uliobaki, lakini kwanza ni franka iliyobaki mfukoni.

Maulizo kwa mkutano wenu ujao: Ni aina gani ya maharagi inayoiva upesi kwenu, na ni nani anayeichunga kwa mbegu? Katika kijiji chenu nguruwe ngapi zinatembea bila kiraro, na shida ni mbao, chakula, ao desturi? Nani atatoa kitunga cha kwanza? Mwenye kuleta maharagi ayaloweke usiku wa mbele, asije nayo makavu asubuhi kama ilivyotokea kwa kikundi kimoja, wakala saa mbili za usiku.